Jani Lenye Mikunjo

Somo la darasa la tano siku ile lilikuwa majani. Mwalimu Puckett alimtaka kila mmoja alete jani kutoka kwao, waitazame mishipa yake: ile inayopandisha maji kutoka mizizini, na ile inayoshusha chakula ambacho jani limejipikia kwa mwanga wa jua. Leona alileta kitunguu pori.

Theluji ikishayeyuka, milima yote ya West Virginia hunuka vitunguu pori. Watu huvila mpaka jasho linanuka, na wala hawaoni haya. Vya kwanza vya mwaka huliwa na mkubwa wa nyumba, vibichi, kabla mwingine hajaonja. Kwa kina Leona mkubwa ni Bibi Verdie, ambaye miguu ilishamkatalia mlima. Basi asubuhi ile Leona alipanda mwenyewe, peke yake kwa mara ya kwanza, akajaza kikapu, akakiacha mezani kwa bibi yake, akakimbilia basi la shule akijiona mtu mzima.

"Kitunguu pori," mwalimu alisema, "kila jani lina kikonyo chake kinachotoka ardhini, na ni laini. Sasa kuna mmea wa sumu unaoota hapo hapo jirani. Majani yake yamezunguka shina moja, na yana mikunjo."

Leona alitazama mezani kwake. Jani lake lilikuwa na mikunjo kama sketi ya shule.

Akalinusa: kitunguu. Akanusa kalamu: kitunguu vilevile. Jamani, mikono yake ilikuwa inanuka tangu alipong'oa cha kwanza, kilichokuwa kitunguu kweli, na chochote alichoshika baada ya hapo kilichukua harufu ile! Ndiyo maana kule mlimani hakushtuka.

Na bado hakusema. Nani atasimama mbele ya wenzake aseme amemlisha bibi yake sumu? Alilisokomeza jani mfukoni, akamnong'oneza mwalimu kwamba bibi aliamka vibaya. Mwalimu akapiga simu, ikaita weee, haikupokewa. Akamwachia mwenzake darasa, akampakia Leona garini. Njia nzima mtoto alikuwa akiomba kimoyomoyo akute kikapu hakijaguswa.

Kikapu kilikuwa nusu. Bibi Verdie alikuwa sakafuni jikoni, ametapika, midomo imempauka, anahema kwa shida. Mwalimu akaita gari la wagonjwa.

Mhudumu aliyekuja nalo, dada mmoja mkakamavu, alimshika bibi mkono akakunja uso. Mapigo ya moyo yalikuwa yanajikokota. Akamwuliza amekula nini.

"Vitunguu pori," bibi alisema. "Nilichimba mwenyewe. Vimenichafua tumbo tu."

Leona aliganda. Bibi huyo tangu kabla ya baridi hajavuka hata kibaraza! Mhudumu naye akaamini, akaanza kuuliza habari za vidonge vya moyo, kama labda bibi amevimeza kupita kiasi, na mwalimu akaenda kuvitafuta kabatini. Wote walikuwa wanaelekea kusiko, na mapigo ya bibi yanazidi kupungua. Leona aliogopa kusema, akaogopa zaidi kunyamaza.

"Ni mimi," alisema. "Nilichimba mimi. Na vingine si vitunguu."

Akalitoa jani, limekunjamana, akamwekea mhudumu kiganjani. Yule dada alilitazama mara moja tu. Akawaita wa hospitali kwenye redio, akawatajia mmea, akasikiliza, kisha akafungua mkoba na kutafuta mshipa wa mkono wa bibi. Sindano ikaingia.

Bibi Verdie aligeuza kichwa polepole. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Leona zaidi.

"Mjinga wewe," alimwambia kwa sauti ya chini. "Mimi nikifa leo, wewe utalibeba hili mpaka uzeeke. Nilitaka niende nalo mwenyewe."

Leona alipiga magoti pale pale kwenye matapishi, akamkumbatia shingoni.

"Basi usife, Bibi," alisema. "Usife tu."