Mahindi ya Mama Mkwe

Saa nne asubuhi mtafiti alikuwa akimwagilia miche kwenye banda la vioo, chai yake ikipoa dirishani, mahindi yalipoanza kusema kwa sauti ya mama mkwe wake. Yalisema mkwe huyu anakula kama ameajiriwa kula. Mtafiti akaandika: yameota vizuri, yanasema.

Soya za meza ya pili zilikua kimya. Mbegu zake wakulima waliombwa, wakaelezwa zinakwenda wapi, wakakubali. Hazikuwa na la kusema.

Mahindi yalikuwa nayo mengi. Yalikuwa yakining'inia kwenye kamba juu ya meko ya mama mkwe, moshi ukiyakinga na wadudu, na huko juu yalisikia yote ya jikoni. Jumapili moja mtafiti alikwenda kula. Mama mkwe akatoka kuchota maji; aliporudi alikuta mkwe ameshiba na kamba haina kitu. Ilikuwa mbegu yake yote ya msimu.

Kufikia mchana kila mfanyakazi wa kituo alishajua kwamba mtafiti anakoroma na kwamba mkewe humficha nyama. Mkurugenzi akamwita, akamuuliza kama mwenye mbegu aliombwa.

"Ni mama mkwe wangu, bosi. Pale ni nyumbani."

"Lakini ulimwomba?"

"Angekataa."

Mkurugenzi akaona hapo pana mantiki. Akaagiza mama mkwe aitwe aje ayanyamazishe.

Mahindi yalipomwona yalimwamkia. Akaitikia, akayauliza kama yanapata maji, yakatulia. Fundi wa maabara akamletea kiti.

"Shamba nimeshalima na mvua ndiyo hiyo inakuja," alimwambia mkurugenzi. "Mbegu zangu zilizobaki kwenye jokofu lenu, nipeni hata konzi moja."

"Mama, hapa tuna taratibu kali. Mbegu hazitoki ovyo."

"Na zilipoingia, taratibu zilikuwa zimelala?"

"Taratibu ni za kutoka, mama."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika kiuno. Mahindi yote yakacheka naye, kicheko kilekile. Fundi akangoja yamalize ndipo akaendelea kumwagilia.

Mama mkwe aliombwa awe anakuja kila Alhamisi, maana asipoonekana yangeanza tena habari za kukoroma. Akasema atakuja, watoto hawatupwi kwa sababu ya baba yao.

Nje mvua ilikuwa imeanza, nzuri, ya kupandia. Mkwe, ambaye adabu hakukosa, alimfungulia mwavuli, akamsindikiza hadi getini, akambebea na kikapu alichokuja nacho, ambacho hakikuwa na uzito wowote.