Miezi Mitatu Aliyoikosa Joviana

Joviana alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi huko Rubya, Muleba. Siku za kazi alilala kwenye chumba alichopanga hukohuko, na kila Jumamosi alirudi Kibeta kwa mumewe Projestus na binti yao Adventina, mwenye miaka kumi na minne. Akifika tu hukaza kanga kiunoni, akafua, akasugua masufuria, akamenya ndizi, kama mtu anayefidia siku sita kwa mpigo.

Jumamosi moja ya Septemba, akipanga nguo za binti yake, alikuta pakiti ya pedi iliyotumika nusu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Juni," Adventina akajibu, macho kwenye daftari.

"Nani alikununulia?"

"Baba."

Joviana aliketi kitandani. Ni yeye aliyekuwa akitoka kazini Rubya kwenda shule za Kishanda kuwafundisha mabinti wa watu jambo hilohilo.

Alimfuata Projestus shambani, akamkuta akipunguza majani ya migomba.

"Alijifungia chumbani, analia," Projestus alisema, akikwepa kumtazama. "Nikaenda dukani kwa Mastura, nikamwambia sijui pa kuanzia. Akanielekeza. Nami nikamweleza mtoto nikiwa nje ya mlango. Kisha akaniomba nisikwambie, angekwambia mwenyewe."

Joviana hakupata la kumlaumu. Alirudi ndani, akasimama mbele ya binti yake.

"Nitaacha kazi," alisema.

Adventina alifunga daftari. "Uache, halafu kila ukinitazama ukumbuke kuwa ni kwa sababu yangu? Sitaki, mama. Nikiulizwa shuleni mama anafanya kazi gani, napenda kujibu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa unafua. Mara ya pili ulisema, ngoja nimalize. Ukamaliza, ukasinzia."

Joviana alikumbuka kusinzia. Kuambiwa neno lolote hakukumbuka.

Nguo aliziacha zilivyo, akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akamwomba binti yake amsimulie mambo ya tangu Juni. Adventina alianza kwa kusitasita, kisha maneno yakafunguka: mwalimu mpya wa hesabu, ugomvi na Shelina, kwaya ya kanisani aliyoiacha. Majina mengi yalikuwa mageni kwa Joviana, na kila lilipotajwa aliuliza, huyo ni nani?