Mtaalamu wa Utulivu

Mwalimu wa michezo alirudi kutoka semina ya siku tatu ya saikolojia ya michezo akiwa na cheti, kofia ya bure na majivuno ya kutosha shule nzima. Cheti alikitundika sebuleni, juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni hawezi kujitia hamnazo. Tangu hapo hakuna aliyepumua nyumbani bila kufundishwa. Hata mkewe akigombana na kufuli la mlango, alielekezwa kwanza avute pumzi huku akihesabu hadi nne.

Aliyekiona cha moto ni binti yake, mfungaji wa timu ya netiboli ya shule, maana baba ndiye kocha. Mazoezini mtoto alifunga kama anayetupia nguo kwenye beseni. Siku ya mechi, mpira ukimfikia tu, baba aliruka kutoka kwenye benchi, mishipa ya shingo imemtoka: "Tulia! Tuliaaa!" Sauti ile ingemtia kiwewe hata askari. Mpira uligonga chuma ukarudi.

Asubuhi ya nusu fainali binti alisema huku akifunga kamba za viatu, "Baba, leo nikivurunda tena, naacha netiboli."

Mwalimu akacheka kicheko cha kitaalamu.

Kufikia mapumziko binti alishakosa mipira saba. Akaja moja kwa moja kwenye benchi, macho mekundu.

"Baba, nina ombi."

"Sema, mama."

"Nenda nje."

"Nje wapi?"

"Popote. Ukiniambia nitulie, najua umeshaogopa. Na mimi naogopa."

Mwalimu alitaka kumjibu kisemina, akaona haya. Akamwachia timu msaidizi wake, akaenda kujifungia stoo ya vifaa. Akakaa juu ya magodoro ya sarakasi, mtaalamu mzima wa utulivu. Akajaribu kuvuta pumzi hadi nne, akaishia mbili. Kelele za nje zilipopanda hakujua ni za upande gani. Hapo ndipo alipokiri kwamba hofu yote ile ilikuwa yake, mtoto alibebeshwa tu. Alijiona mjinga, tena mjinga mwenye cheti.

Mlango ukasukumwa. Binti aliingia jasho chapachapa.

"Tumefungwa kwa goli moja."

"Pole, mama. Na wewe je?"

"Kumi na moja! Baba, nimefunga kumi na moja!"

Mwalimu akasahau kwamba timu yake imetolewa kwenye mashindano. "Ulikuwa unafikiria nini?" aliuliza, mtaalamu keshaamka tena ndani yake.

"Sijui. Nilikuwa nacheza tu."

Mwalimu akageukia ukuta, akajifanya anapanga mipira. Miaka mitatu amemfundisha mtoto huyu kushinda, kujituma, kupumua, na leo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema anacheza. Ilimfurahisha, na ilimuuma vibaya sana.