Fito Tatu za Mukau

Sanduku lile lilifika Kasikeu pamoja na maiti ya Mbuvi. Lori la mahindi alilopanda kurudi nyumbani lilipinduka Desemba ya mwaka wa sabini na sita, naye akafa palepale, lakini sanduku halikupata hata mkwaruzo. Baba yake, fundi Ndeti, alilisukuma chini ya meza ya kazi, akashika randa, akaanza kumtengenezea mwanawe jeneza.

Alijua lina nini. Mwezi mmoja kabla, Mbuvi alikuwa ameandika kwamba mzungu aliyemfanyia kazi ya bustani huko Nairobi anahama, na amemwachia gitaa ambalo halijaundwa, liko vipande vipande. "Nalileta nyumbani, baba. Wewe una mikono. Tutaliunga sisi wawili." Ndeti aliisoma barua hiyo, akaikunja, hakujibu. Alidhani wakati upo.

Kilichomzuia kujibu ni aibu. Miaka sita nyuma, Mbuvi alikuwa amejiundia gitaa la debe la mafuta, na Jumamosi akilipiga kwenye kilabu cha pombe pale sokoni. Sasa yeye, mzee wa kanisa, auweke wapi uso wake? Ndeti aliingia kilabuni wimbo ukiwa katikati, akamnyang'anya kijana debe lake na kulitia motoni mbele ya watu. Mbuvi aliondoka kesho yake. Tangu hapo, akija Krismasi, alikaa siku mbili tu.

Sanduku lilikaa chini ya meza karibu mwaka mzima. Ilipopangwa siku ya ibada ya kumkumbuka marehemu na kuweka msalaba kaburini, Ndeti alimwambia mkewe Kavata kwamba siku hiyo gitaa la Mbuvi litalia pale nyumbani, hata wazee wenzake wakiinuka na kwenda zao. Hakuwa na njia nyingine ya kumwomba mtoto msamaha.

Alilifungua. Mbao za ubavuni zilikuwa zimeshapindwa na shingo imeshachongwa. Lakini ule ubao wa kifuani, ule wenye tundu, ulikuwa mwembamba hata akiushika kwa vidole viwili unapinda. Ndeti akasonya. Yeye alikuwa fundi wa madawati ya shule na vitanda vya kurithiwa. Hakuna kitu kilichowahi kutoka kwake kikarudi kimevunjika, na hakuwa na nia ya kuanza na cha mwanawe. Mchoro ulionyesha fito nyembamba za kushikilia kifua kwa ndani. Alizibandika zote, halafu akaongeza tatu za kwake, za mukau, mti ambao hata mchwa huuogopa, kila moja nene kama kidole gumba. Akachemsha gundi, akaufunika mgongo, akalikaza lote kwa vipande vya tyubu ya baiskeli mpaka likashika. Kazi ilikuwa safi. Mtu mzima angeweza kulikalia.

Wiki moja kabla ya ibada alimwita Kisilu, rafiki wa Mbuvi aliyekuwa akipiga naye kilabuni, aje aweke nyuzi. Kisilu alizikaza, akapiga. Ikatoka sauti fupi, butu. Ndeti aliitambua. Ndiyo aliyoisikia alipokuwa akipigilia kifuniko cha jeneza.

"Nau," Kisilu akamwambia kwa upole, akimwita baba kwa Kikamba, "hii umefunga sana. Haiwezi kuongea."

"Nimeifanya isivunjike."

"Ndio hiyo shida. Hii kifua lazima icheze kidogo. Toa hizo miti umeongeza."

"Na ikipasuka? Mbao ingine kama hii nitatoa wapi?"

Kisilu alilegeza nyuzi, akazitoa moja moja, akalilaza gitaa mezani.

Siku mbili Ndeti alilipita kana kwamba halipo. Siku ya tatu alimwomba Kavata achemshe maji na kupasha kisu moto. Kavata alilishika gitaa magotini, naye mumewe akapenyeza kisu kwenye kiungo cha mgongo, gundi ikalainika, akasogea kidogo, akapumzika, akasogea tena. Alikuwa anaogopa na hakuficha. Mgongo ulipoachia, akashika patasi. Fito ya kwanza ilitoka, na ya pili. Ya tatu ilitoka na kibanzi cha ubao, ukatokea ufa wa urefu wa ukucha. Ndeti akaweka patasi chini, akafunika uso kwa mikono.

"Baba Mbuvi," Kavata akasema, "hiyo ni kidogo. Bandika."

Akabandika.

Siku ya ibada msalaba uliwekwa, sala zikasemwa, kwaya ikaimba. Kisha Kisilu akatokea na gitaa, akapiga wimbo mmoja wa tenzi za kanisa. Sauti ilitoka wazi, ikajaa ua mzima mpaka kwenye boma la mbuzi. Wazee wawili wa kanisa walichukua kofia zao, wakaondoka. Ndeti hakuwatazama.

"Sasa piga ile ya kilabu," akasema. "Ile alikuwa anaimba siku nilichoma debe."

"Nau, hiyo si ya kanisa."

"Najua. Mimi sikungoja kusikia maneno."

Kisilu alimtazama Kavata, Kavata akaitikia kwa kichwa. Kisilu akaanza, kwa Kikamba, polepole. Ulikuwa wimbo wa utani juu ya fundi mmoja. Kasikeu nzima, wimbo ulisema, inalala juu ya mikono ya baba yangu; walevi na wachungaji, wote wanalala juu ya mikono ya baba yangu; na yeye kitanda chake kimefungwa mguu kwa kamba ya mkonge.

Wageni wengine walicheka kidogo, maana kitanda hicho walikijua. Kavata alikuwa analia. Kisilu alipomaliza, Ndeti alikuwa ameinama, mikono yake imelala magotini, anaiangalia.

"Rudia," akasema. "Rudia hapo kwa mikono."