Jicho la Kushoto la Ovila

Kabla timu ya mji wetu wa migodi haijaanza kumlipa kucheza magongo barafuni, mdogo wangu Ovila alikuwa akipasua mbao kiwandani. Januari ile ya 1909, akiwa mchezoni, gongo lilimpiga jicho la kushoto. Uvimbe ulishuka, weusi ukaisha, lakini jicho halikuona tena. Nilijua mimi peke yangu, kwa kuwa kila nilipomwekea bakuli la supu ya njegere kushoto, alilipiga kiwiko.

Meneja akataka wachezaji wote wapimwe na daktari.

"Wakijua, dada, narudi kwenye msumeno," Ovila akaniambia.

"Watakwambia uzibe jicho moja usome kalenda, kisha uzibe la pili. We badilisha mkono, usibadilishe jicho."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe dada yangu tapeli! Na Jumapili unakaa kiti cha mbele kanisani!"

Daktari alikuwa anahangaika na kiko chake kilichozimika. Ovila akapita.

Jumamosi ikaja timu ya ng'ambo ya ziwa. Nilisimama kwenye ubao wa pembeni, tofali la moto la kujipasha nimelifunga kwenye shali.

"Ovila, leo unatembea kama bibi harusi!" mtu akamkejeli.

Kile kisahani cha mpira mgumu wanachogombea kilipigwa kutoka upande wake wa kushoto, kikaja juu juu. Nilikiona. Yeye hakukiona.

"Kushoto!" nikapiga kelele.

Aliijua sauti yangu. Akageuza uso wote, na kikampiga jicho lililobaki.

Siku hizo hapakuwa na mchezaji wa akiba. Aliyeumia akitolewa, wapinzani nao kwa uungwana humtoa mmoja wao. Nahodha wao, McGarrigle, akainua mkono: "Mmoja wenu katoka, na wetu atoke." Watu wakapiga makofi, mchezo ukaendelea, sita kwa sita badala ya saba.

Nikamkuta Ovila chumba cha kubadilishia nguo, amelazwa juu ya benchi, daktari amemaliza kumsafisha damu na kumfungua macho.

"Wamemtoa nani, dada?"

"Yule mrefu, Dunphy."

"Dunphy! Basi tumepata faida." Akageuza kichwa huku na huku. "Mbona hawawashi taa humu?"

Taa ya mafuta ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Daktari akanitazama, kisha akainamisha uso.

"Mafuta yamekwisha, mdogo wangu," nikamwambia.