Mke Mwenza Amegoma

"Betri imekufa, mama. Hii ni ya kuzika tu," fundi alisema huku akicheka, kisha akakumbuka yuko nyumba ya nani, akaacha kucheka.

Mjane wala hakukasirika. Neno kufa alishalizoea. Kilichomkaba roho ni mwanawe, aliyesema kwenye simu kwamba kesho anakuja na mnunuzi wa vyuma chakavu, maana pikipiki isiyowaka ni uchafu tu ndani ya nyumba. "Ikiwaka, mama, nikaisikia kwa masikio yangu, sitaigusa." Uchafu! Pikipiki ambayo marehemu baba yake aliing'arisha kila Jumamosi, mtu ambaye hata meza ya chakula hakuwahi kuipangusa! Mjane aliibatiza jina, akaiita mke mwenza. "Nenda kamwogeshe mwenzangu," alikuwa akimwambia mumewe, naye anacheka mpaka anatokwa na machozi. Sasa mume hayupo. Wamebaki wake wawili wanatazamana ukumbini, na mmoja kagoma kusema.

Fundi aliitoa betri, akakwangua unga mweupe kwenye vishikio vya nyaya, akafunga betri nyingine aliyokuja nayo, imejaa chaji. Akasafisha na plagi. Wakaisukuma pikipiki wote wawili hadi uani. Alipopiga kiki, kimya. Akapiga tena, ikakohoa. Mjane akajishika mdomo. Fundi akapiga tena kwa nguvu zake zote, ikanguruma, ule mlio mzito wa taratibu wa pikipiki za zamani, na vikombe vikatetemeka kabatini. Loo! Mjane akakaa kizingitini.

Akampigia mwanawe, akaielekeza simu kwenye bomba la moshi.

"Mama," akasema mwanawe, "utadhani baba anaingia getini."

"Eh, umesikia mwenyewe."

"Basi iache. Nitamwambia yule mtu wa vyuma asije."

"Lakini wewe si unakuja?"

"Sasa nije kufanya nini, mama, na pikipiki imewaka? Kazi zimenibana. Tutaona mwezi ujao."

Simu ikakatika. Mjane aliendelea kuishika sikioni, asije fundi akamwona uso.

Fundi, masikini, alikuwa ameinama na kipimo chake cha umeme. "Inachaji vizuri kabisa," alisema, akazima. "Kwa hiyo kuna kitu kinainyonya ikiwa imeegeshwa. Na kila nikija, mama, nakuta swichi ya ufunguo imewashwa. Nani anaiwasha?"

"Nani tena humu ndani? Ni mimi."

"Ya nini sasa?"

"Kile kitaa cha kijani."

"Kinachoonyesha haiko kwenye gia?"

"Sijui kinaonyesha nini, mwanangu. Nikilala naacha mlango wazi, nakiona ukumbini. Nikikiona, najua kuna mtu karudi nyumbani."

Fundi alifuta mikono ambayo alishaifuta.

"Mama, kile kitaa ni kidogo, ila kikikesha kinaimaliza betri, na asubuhi pikipiki haiwaki. Itabidi uchague, taa au mlio. Vyote viwili hutavipata."

Waliirudisha ukumbini, fundi akaaga, akaenda zake.

Giza lilipoanza kuingia, mjane alizungusha ufunguo. Kitaa kikawaka. Alikitazama kwa muda, mkono juu ya kiti cha ngozi kilichobonyea pale mumewe alipokuwa akikaa. Alimwonea mwanawe hasira, kisha akamkumbuka, kisha vyote kwa pamoja, na upweke ukamjaa.

Kisha akazima. Akauchomoa ufunguo, akaenda nao chumbani, akauweka chini ya mto wa upande ule mwingine wa kitanda.

"Haya, mke mwenza," aliita kupitia mlango ulio wazi. "Leo tunalala giza."