Hasara ya Mpunga

…na sasa amekitandaza, kitambaa chenyewe, cha manjano, amekinyoosha juu ya sakafu ya hekalu mbele yangu na ukingo mmoja ameushika kwa vidole, maana mtawa hapokei kitu mkononi mwa mwanamke, unaweka juu ya kitambaa naye anavuta kwake, hata mtoto wa chekechea hapa mkoani Roi Et anajua hilo, asiyejua ni Kanali peke yake, aliyeletwa kuiongoza ofisi yetu ya kukamata mali za wadaiwa tangu wanajeshi washike nchi, akataka picha ya mtawa akikabidhiwa amri mkono kwa mkono, na ofisini hakuna aliyethubutu kumwambia, tulisema sawa afande, ndiyo afande, tukatoka tukicheka chini chini… nilijiandaa kwa kila kitu ila hiki, nilijua atakataa, nilitaka akatae, akatae mbele ya kijiji kizima, waone kwamba alivaa joho la utawa ili ajifiche, lakini amekitandaza tu, kama anayepokea kichane cha ndizi, nami nimepiga magoti, amri ya kukamata mali zake iko mikononi mwangu, na mikono haishuki.

“Weka, yom,” anasema, ndivyo watawa wanavyotuita sisi tuliobaki duniani, anasema kwa upole, na upole huo unaniudhi, afadhali angenifokea, afadhali angetumia ile sauti ya jukwaani alipokuwa Naibu Waziri Khamron Saengthip mwenye nywele za rangi ya dukani, aliyesimama uwanja wa shule akituambia mpunga wenu ndio dhahabu ya nchi hii, tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka, sasa hana nywele, hana hata nyusi, wamemnyoa zote, na uso usio na nyusi hausomeki, mimi nilikuja kuusoma, nilijitolea, wanaume wote ofisini walishikwa ghafla na homa na misiba ya shangazi, nani anataka laana ya kumpelekea mtawa amri ya serikali, nikasema nitakwenda mimi, kijiji ni changu, na moyoni nikasema, kwa ajili ya Baba… “Dada Pui, weka basi, mkono unaniuma,” ni Sajenti Decha huyo, mtu wa Kanali, kainua simu tayari kwa picha, “na kichwa chako kiinamishe kidogo, unamziba,” namsikia, sitaki kumsikia, nyuma yake wamekaa akina mama na vibirika vyao vya maji ya baraka, na Mama yangu yuko kati yao, amekohoa, kikohozi kile cha kuniambia nyumbani tutaonana, asubuhi alinitazama nikivaa sare akasema, “Fadhila ya punda ni mateke, hilo nilijua, sikujua tu kwamba nimezaa punda,” nikamwambia, “Mama, mume wako alikufaje?” akasema, “Kwa homa,” nikasema, “Alikufa akisubiri,” akanisogezea kikapu cha wali wa kunata, “Sote tunasubiri, Pui, kula,” kisha akafungasha chakula kingine, kizuri kuliko changu, akamletea huyu, kila asubuhi ya mvua hizi anamletea, mjane anamlisha aliyemfanya mjane, ningelia lakini nina sare.

Maana msimu wa pili ndio ulimuua Baba, wa kwanza ulimfufua, na hili la kwanza silipendi kulikumbuka, linanijia sasa hivi bila ruhusa… yule mnunuzi wa kiwanda cha kukoboa mpunga aliyekuwa akitumbukiza mkono guniani, anauma punje moja, anatema, “Unyevu, mzee, unyevu,” na bei inashuka, kila mwaka unyevu, hata mwaka wa ukame unyevu, na Baba anainama, anakusanya viganja kifuani, anashukuru kwa kuibiwa, kisha serikali ya akina Khamron ikaja ikasema tutanunua wenyewe, kwa bei hii, na bei ilikuwa ndoto, Baba akapeleka mpunga, akarudi na stakabadhi ya ghala, benki ikalipa, akanunua rangi ya buluu akapaka nyumba upande wa mbele tu, “Nyuma nani anaangalia?” akasema, na siku mnunuzi yule alipopita barabarani ndiye aliyetangulia kuinama, Baba akamwitikia kwa kichwa, kwa kichwa tu, akaingia ndani akacheka peke yake mpaka Mama akadhani amelewa, sijawahi kumwona mtu mrefu namna ile, naye Baba aliumbwa mfupi… halafu ule wa pili, stakabadhi ipo, pesa hakuna, Bangkok waandamanaji wamefunga mitaa, benki zimegoma kukopesha, bunge limevunjwa, serikali ipo haipo, na huyu kwenye televisheni, kwa nyusi zake zote, wiki ijayo, ndugu wakulima, wiki ijayo, Baba akaenda na wenzake kulala juu ya lami ya barabara kuu wadai chao, jua la Aprili, akarudi na homa, akafa na stakabadhi imekunjwa ndani ya plastiki kwenye mfuko wa shati. Kisha wakaja wanajeshi, wakaipindua serikali, na pesa ikatoka haraka hiyo, kumbe ilikuwepo, ofisa mwenye nishani akaigawa huku akipigwa picha, Mama akaipokea, akainama, ikatosha kuuchoma mwili wa Baba kwa heshima, kama desturi yetu, nasi tukawashangilia, nami nilishangilia, mla ni mla leo, mla jana kala nini… “Dada, Kanali ameandika, anauliza picha iko wapi,” najua anauliza, nikirudi na karatasi hii mkononi Kanali hataniuliza mara mbili, sare nitaiacha mezani kwake, na dawa ya figo ya Mama hainunuliwi kwa baraka, weka, Pui, ni karatasi, iache ianguke yenyewe, na hapa ninapoiinamia naisoma, nimeisoma mara nyingi kama ofisa, namtafuta Baba humo, juu mpaka chini, nimtafute ili niiweke kwa roho safi, na Baba hayumo, haimo wiki ijayo, haimo lami, wamo wenye viwanda walioingiza mpunga wa ng'ambo, yamo magunia yaliyooza, kweli yalioza, na huyu aliyaachia, hilo nampa, lakini juu kabisa, sababu ya kwanza, kabla ya wezi na kabla ya uozo, wameandika kwamba alinunua mpunga kwa wakulima kwa bei iliyozidi bei ya soko, na kwa kufanya hivyo akalitia taifa hasara.

Iliyozidi… soko ni nani, soko si ndiye yule wa unyevu, soko si ndiye aliyetema punje ya Baba miaka yote, kwa hiyo huyu hadaiwi kwa kuchelewa kutulipa, anadaiwa kwa kutulipa, na Baba yumo humu, ee, yumo, nilikuwa nikimtafuta mahali pasipo pake, yumo kwenye neno hasara, rangi ya buluu ni hasara, kile kicheko cha peke yake ni hasara ya taifa, na mimi niliyemaliza chuo kwa pesa ya msimu ule, nimepiga magoti hapa nimevaa viatu vya serikali, ni hasara inayomkabidhi mtu ankara yake, na chini kabisa kuna ile ibara tuliyoichekea ofisini, kwamba sisi tunaotekeleza amri hii hatutashtakiwa wala kudaiwa na yeyote, aliyepigiwa kura alipe mpaka sahani za kulia, aliyekuja na kifaru hata ibara haihitaji… nayainua macho, naye ananitazama, bado ameushika ukingo, wenzangu ofisini watasema Pui amemwonea mtawa huruma, si kweli, ningeandika amri yangu mwenyewe, yenye mstari mmoja, jina la Baba, Bunma mwana wa Thit, alisubiri, nani atamlipa, hiyo ningeiweka juu ya kitambaa hiki bila kupepesa jicho na ningebonyeza kwa kidole mpaka aivute… “Weka, yom,” anasema tena, na Decha, “Dada!” na Mama hakohoi, kitambaa kiko palepale, karatasi iko palepale mikononi mwangu, na jina la Baba humo wanaliita hasara, sitaiweka, na huyu hapa, Mungu wa mpunga anisikie, hata kumsamehe sijamsamehe.